Yaliyomo

Bi Somoe Nang'anda ameshuka kutoka Nanyamba
na boksi lililofungwa kamba ya katani, mafundo saba.
Analilaza juu ya mizani yangu polepole, asiliamshe:
kilo tatu na robo.
"Liende Polandi, kwa Mfaume wangu,
huko anakochomelea meli."

Namwambia, Bibi, kwanza tufungue.
"Nimefunga tangu alfajiri."
Najua. Lakini fomu ina vyumba, na kila chumba kina mdomo;
nikiandika "vitu vya nyumbani"
mtu wa forodha asiyekujua
atalipasua kwa kisu.

Kochoko, mifuko miwili.
Naandika: mabibo ya mkorosho, yaliyokaushwa, ya kuliwa.
"Andika ni ya kwetu."
Naandika: nchi ya asili, Tanzania.
"Siyo hivyo. Ya mti ule wa nyuma ya choo,
wenye mabibo mekundu."
Chumba hicho hakipo.

Ming'oko. Kompyuta inatafuta, inatafuta.
Ina msimbo wa mihogo, wa viazi vitamu,
wa magimbi yaliyogandishwa;
ming'oko haijapata kuisikia.
Na hata ingeisikia, mizizi mibichi haiingii Ulaya
bila cheti cha afya ya mimea,
na mwenye muhuri yuko Masasi mpaka Jumatatu.
Anaitoa mmoja mmoja, anaipanga mezani kwangu.
"Basi kula wewe."

Thamani?
"Zawadi haina bei."
Nabonyeza sifuri, skrini inageuka nyekundu:
hata mashine inajua mkono mtupu haulambwi.
Tunakubaliana shilingi elfu kumi na mbili,
naye ananitazama
kana kwamba nimemnadi mwanawe.

Kisha boksi lenyewe. Lilibeba salfa ya mikorosho.
Kwenye pembe bado kuna vumbi la njano,
na ubavuni ile alama, mraba uliosimama kwa ncha,
ndani yake mwali.
Kwake alama ile ni ua tu.
Lakini wapakiaji wa ndege hawamjui Bi Somoe,
wanausoma ubavu.
Nampa boksi jipya. Namwambia ni la ofisi.

Chini kabisa, ndani ya kanga iliyokunjwa mara nne, simu,
ya vibonyezo, namba tano imefutika.
"Ya marehemu. Humo anacheka.
Alijirekodi siku ya malipo ya korosho,
anahesabu noti, anakosea makusudi, anaanza upya."
Nafungua mgongo wake.
Betri imevimba kama andazi.

Fomu inanikodolea macho:
Je, kifurushi kina kitu cha hatari? Ndiyo. Hapana.
Betri iliyovimba haipandi ndege, Bibi.
Inaweza kushika moto huko juu.
"Kicheko cha mume wangu kishike moto?"
Siyo kicheko. Hii nyeusi hapa.
Anainyamazia muda mrefu.
Nyuma yake foleni inakohoa.
"Itoe."

Naitoa taratibu, bila kuikandamiza,
naipeleka nje kwenye ndoo ya mchanga.
Nikirudi naandika: simu ya mkononi, iliyotumika,
haina betri, moja.
Kitu cha hatari: hapana.
Mkono unasita hapo.
Namwona Mfaume na koti lake zito
akiuliza duka kwa duka betri ya simu
ambayo kiwanda chenyewe kimeisahau,
na siku atakayoipata,
peke yake chumbani, akibonyeza.

Hakuna msimbo. Naacha hapana.

"Nathibitisha kuwa maelezo haya ni kweli,"
namsomea. Anatia dole gumba, wino unamwagika
hadi kwenye anwani.
"Ni kweli yote?"
Yaliyoandikwa, Bibi, ni kweli.

Jioni, Chikongola, naichemsha ming'oko kwa chumvi.
Naimenya kwa vidole, ya moto bado,
na nahesabu: mmoja, miwili, mitano,
nakosea, naanza upya.